Komeo la Upande wa Mama

Nevena alikataa kutia saini Jumatatu, akakataa Jumanne, na Jumatano alipoitwa tena ofisini kwa Yasen alikwenda na kikombe chake cha kahawa mkononi, maana alijua kikao kitakuwa kirefu na jibu litakuwa lilelile. Wenzake walipomwona anapita koridoni waliinamia kompyuta zao kama wanafunzi wasiojua hesabu. Mtu anayezuia mzigo usitoke ghalani hapendwi, hata kama mzigo wenyewe umeoza.

Mzigo huo ulikuwa kifaa cheupe cha ukubwa wa kibiriti, kinachochomekwa kwenye soketi ya jikoni. Cha kwanza kampuni ilikibuni kwa ajili ya akina mama waliobaki peke yao Plovdiv, Bulgaria, na vijijini, watoto wao wakiwa wanatafuta riziki Ujerumani na Uhispania. Mama akiwasha jiko asubuhi apike kahawa yake, simu ya mtoto huko aliko ilionyesha picha ya kikombe. Basi, hakuna zaidi. Mtoto akiona kikombe anajua mama ameamka, anaendelea na kazi zake. Kikombe hicho ndicho kilichowatoa Nevena na wenzake kwenye chumba cha kupanga juu ya duka la viatu mtaa wa Kapana, enzi ambazo waligombania meza mbili, kikawafikisha kwenye jengo la vioo lenye mlinzi na kantini.

Lakini kifaa kipya kilikuwa na masikio. Kilisikia maji yakimwagika, mlango ukifunguka, nyayo sakafuni. Kilihesabu watu waliomo ndani ya nyumba na kumpelekea mtoto habari zao kutwa kucha. Nevena alikuwa msimamizi wa faragha, na kanuni ya kampuni ilisema hakuna bidhaa itakayotoka bila saini yake, kwa hiyo yeye na mafundi walikipachika kifaa hicho kidude cha kusukuma kwa kidole, pale ubavuni. Mwenye nyumba akikisukuma, masikio yanazibwa. Kikombe cha asubuhi kinabaki kama zamani, mengine yote yanakatika, na mtoto haambiwi kwamba mama amefunga. Mafundi walikiita komeo, na jina likashika.

Yasen, mkurugenzi na mwanzilishi wa kampuni, alitaka komeo liondolewe. Kampuni moja ya bima ya Vienna ilikuwa tayari kuvinunua vifaa hivyo kwa maelfu, ila haikutaka kitu ambacho bibi kizee anaweza kukiziba akijisikia.

"Nevena, dada yangu, tumetoka mbali," alianza. "Faragha, faragha, kila siku faragha. Kwani sisi tunaishi wapi? Mbele ya ghorofa la mama yangu kuna benchi. Wale mabibi wa benchi wanajua nani kanunua nini na nani karudi na nani. Nani aliwahi kuwatilia saini?"

"Benchi linaona mlango wa chini," Nevena alisema. "Halioni bafuni. Na bibi wa benchi ukimchoka unampita bila salamu, yamekwisha. Hiki chako mama atakipitaje, na kimo jikoni mwake?"

Yasen akageukia dirisha. Hakuna aliyefanya kazi pale asiyejua kisa cha baba yake. Yasen alikuwa Frankfurt wakati ule, mama yake amekwenda Burgas kumuuguza dada yake, na mzee akaanguka kati ya jiko na meza. Alikutwa siku ya tatu. Kampuni nzima ilizaliwa kutokana na sakafu ile ya jikoni, na Nevena aliposimuliwa mara ya kwanza, juu ya duka la viatu, alilia. Kwa hiyo hakuwa akibishana na mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Mtu mbaya ungemkomesha tu.

"Baba angekuwa amelisukuma hilo komeo lako, je?" Yasen aliuliza bila kugeuka.

"Asubuhi kikombe kisingetokea, ungejua. Kikombe sijakigusa na sitakigusa."

"Mchana je?"

"Mchana ni wake."

Akamkumbusha jina la kampuni, ambalo Yasen mwenyewe ndiye aliyelichagua: Komshuluk, kile kilango kinachotobolewa kwenye ukuta kati ya nyua za majirani wawili ili wasiwe wanazungukia barabarani. Bibi yake Nevena alikuwa nacho kule kijijini. Kilikuwa na makomeo mawili, moja kila upande. Siku ambazo bibi hakutaka mtu alilisukuma la upande wake, na jirani hakubisha hodi wala kuuliza, na kesho yake walikunywa kahawa pamoja kama kawaida. "Umeuza kilango," Nevena alisema, "na umebaki na komeo la upande wako tu. Nionyeshe la mama."

Yasen akasema saini ipatikane, la sivyo atatafutwa mtu mwingine mwenye kalamu. Nevena akasema kalamu ni nyingi, atafute. Kisha, akiwa ameshika kitasa cha mlango, alikumbuka jambo. Pale Komshuluk palikuwa na desturi ya zamani kuliko kanuni zote: kitu hakiendi sokoni kabla ya kukaa kwanza nyumbani kwa mama wa mmoja wao. Mama wakijaribu, mama wakilalamika, ndipo kinauzwa. Akauliza hiki kisicho na komeo kimekaa kwa mama wa nani.

"Kitakaa kwa wangu," Yasen alisema, na uso ukamkunjuka kama mtu aliyepewa zawadi. "Nitampelekea kesho, kwa mkono wangu."

Mtoto akililia wembe, mpe. Nevena alijiambia hivyo akirudi mezani kwake, lakini methali haikumkaa vizuri, kwa sababu wembe huu usingemkata aliyeulilia.

Yakafuata majuma ya Yasen kutembea na simu mkononi kantini. Mama amelala vizuri. Mama amefungua friji usiku wa manane, mlafi yule. Mama amerudi sokoni. Watu walicheka, na kwa kweli ilikuwa furaha kumwona, mtu aliyekuwa hapati usingizi sasa anaushiba. Nevena alimuuliza mama anajua kifaa kinasema nini.

"Anajua ni cha kahawa."

"Hukumwambia kinasikia?"

"Nikimwambia atabadilika. Jaribio litaharibika."

Nevena aliweka kijiko chini ili asikitupe. Hasira ilimpanda, na haikuwa hasira ya sheria. Sheria za Ulaya alizijua kifungu kwa kifungu, na kwa sheria angeweza kumwandikia barua ya kumtoa jasho. Hii ilikuwa hasira ya mtu aliyelelewa kwenye nyumba yenye kilango. Aliamua atamwambia mama mwenyewe, uso kwa uso, na siku ya kumwambia ilikuwa karibu.

Siku hiyo ilikuwa Tsvetnitsa, Jumapili ya Matawi, sikukuu ya kila mwenye jina la ua au la mti. Nevena ni ua, Yasen ni mti, na mama yake, Tsveta, ndiye ua lenyewe. Siku ya jina hakuna anayealikwa na hakuna anayefukuzwa. Anayekumbuka huja, na mlango huachwa wazi. Nevena alimwachia mumewe samaki na wageni wao, akanunua maua matano ya tulipu, akapanda basi hadi mtaa wa Trakia.

Mlangoni kwa mama Tsveta palitundikwa shada la matawi ya mwerebi, na viatu vya wageni vilijaa hadi kwenye ngazi. Ndani, sebule ikiwa imeungana na jiko, palinukia kitunguu na samaki wa oveni. Mabibi wawili wa benchi walikuwa wamekaa mahali pazuri, wanapoona chumba chote. Mama Tsveta alikuwa mwanamke mdogo mwenye nywele nyeupe zilizooshwa na kubanwa nadhifu, akimimina rakia, pombe kali ya matunda, kwa mkono wa kushoto. Karibu na friji alisimama mzee Metodi, jirani wa ghorofa ya nne, dereva mstaafu wa mabasi ya umeme, akipokeza sahani kana kwamba anajua kila moja inakaa wapi.

"Karibu, binti yangu. Wewe ni ua gani?" mama Tsveta aliuliza, na aliposikia alimbusu mashavu yote mawili.

Nevena alijaribu kumvuta pembeni. Alifika naye hadi jikoni, alifika hadi kusema, "Shangazi, kile kifaa alichokuletea Yasen," na hapo kengele ikalia, wakaingia wapwa wanne na keki, na mwenye nyumba akachukuliwa. Alijaribu tena kwenye kahawa. Hakuwahi.

Maana Yasen alikuwa ameshapata glasi tatu, na furaha ilimzidi. Alisimama na simu yake akasema atawaonyesha wageni kitu ambacho dunia nzima itakinunua. Akawasomea. Mama huamka saa kumi alfajiri. Mama hufungua friji gizani, na mlango wa friji haufungwi mpaka dakika tatu zipite, kwa hiyo jamu ya cheri inaliwa humohumo kwa kijiko. Watu walicheka sana. Mama Tsveta naye alicheka, lakini alikuwa ameshika ukingo wa meza, akikitazama kile kifaa cheupe kwenye soketi kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza.

"Na hapa kuna hitilafu, kesho nitawapa mafundi," Yasen aliendelea, akipitisha kidole kwenye kioo. "Jumanne alasiri. Watu wawili bafuni, maji yanatiririka, dakika arobaini. Jumanne iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata." Akainua macho, akakonyeza. "Mama, unamficha nani bafuni?"

Kicheko kilianza halafu kikafa. Mabibi wa benchi waliinamisha macho kwenye sahani zao, si kwa adabu, bali ili wasikie vizuri zaidi. Mzee Metodi aliweka chini sahani alizoshika, moja juu ya nyingine, polepole, na shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka masikioni.

"Yasen, zima hiyo simu," Nevena alisema.

"Mwache," alisema mama Tsveta. "Ameuliza mbele za watu, atajibiwa mbele za watu."

Akainua mkono wake wa kulia. Ulipanda hadi usawa wa kifua ukagoma. Alijaribu kuusukuma zaidi, uso ukamkunjamana, akaushusha.

"Tangu msimu wa zabibu umekataa kupanda. Sifiki kichwani. Siwezi kuosha nywele zangu, Yasen. Metodi ananiosha. Mimi nainama, yeye anamimina maji, na macho yake anatazama ukutani. Jumanne. Kifaa chako hakina hitilafu, mwanangu, kimehesabu sawasawa."

Yasen aliweka simu mezani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenitafutia mtu wa kunilea. Au ungenihamishia kwako, nikae kutwa dirishani. Na zaidi ya hayo, ni kichwa changu. Nilikuwa nakuambia yale niliyotaka kukuambia."

Alikwenda kwenye soketi, akakichomoa kifaa, akamtilia mwanawe kiganjani na kuvikunja vidole vyake juu yake, kama anavyopewa mtoto peremende. Kisha akabaki amenyoosha mkono wake wa kushoto.

"Ufunguo wa nyumba."

"Mama."

"Ufunguo."

Aliutoa kwenye pete yake ya funguo, na chumba kizima kilimsubiri. Mama Tsveta akautia mfukoni mwa aproni.

"Leo ni sikukuu, mlango uko wazi, kaa ule samaki," alisema. "Kuanzia kesho utapiga kengele. Metodi anapiga kengele, na yeye ndiye anayeniona nikiwa na sabuni machoni."

Kisha alimgeukia Nevena. Alimuuliza kama wanafanya kazi pamoja, na kama alijua. Nevena angeweza kusema alikataa saini, angeweza kujitetea vizuri sana. Alisema alijua, na kwamba alikuja kumwambia. "Umechelewa," mama Tsveta alisema, "lakini samaki bado yupo." Akamwekea kipande cha tumboni, kilichonona, na Nevena akala na machozi yake.

Ungedhani yangeishia hapo. Jumatatu Yasen alikuja kazini na macho mekundu na shingo ileile ngumu. Alimwambia Nevena kwamba aibu yake ni yake na kampuni ni kitu kingine, Vienna bado wanataka kifaa kisicho na komeo, wanasubiri jibu Jumanne baada ya Pasaka, na wakijiondoa watu wataachishwa kazi. Kama yeye anaweza kuwatazama usoni watu hao, akatae.

"Nitawatazama," Nevena alisema. "Wote wana mama. Wiki ile nilikataa kwa sababu ya sheria, na ungeweza kunizungusha na wanasheria wako. Leo nakataa kwa sababu ya shangazi Tsveta, na hapo huna pa kunizungusha. Wa kwanza wa kuachishwa, mimi hapa."

Yasen hakumfukuza. Wala hakumkubalia. Alimpungia mkono atoke, na Nevena akatoka, akafungua droo ya meza yake akatia vitu vyake kwenye mfuko mmoja mchana kweupe, kikombe, kaktasi na viatu vya akiba, akauacha mfuko juu ya meza kila mtu auone. Wapo waliomnong'oneza kwamba amefanya vizuri. Wapo waliomwambia funika kombe mwanaharamu apite, Vienna wakishalipa komeo litarudishwa kimyakimya.

Jambo moja alilifanya kabla ya Pasaka. Mama Tsveta alimpigia simu akaomba kifaa cha kahawa arudishiwe, maana kikombe cha asubuhi alikipenda, alipenda mwanawe ajue yu hai. Ila kiwe na lile komeo alilolisikia kwa Nevena siku ile ya samaki, na liwe kubwa, macho yake si ya zamani. Mafundi walikaa wakalitengeneza, pana kama kucha ya dole gumba, na la rangi nyekundu. Nevena akalipeleka mwenyewe. Mama Tsveta alilisukuma, akalirudisha, akalisukuma tena, akisikiliza linavyolia tak, na kwa mara ya kwanza alikicheka kifaa kile kwa moyo.

Jumanne baada ya Pasaka ilifika. Vienna walikuwa wapige saa kumi na moja jioni. Mchana Yasen alitoka ofisini bila kuaga, akiwa na koti mkononi, na Nevena akakaa na mfuko wake mezani, akifanya kazi kwa ukaidi tu. Saa kumi na robo simu yake ililia.

"Niko kwa mama," Yasen alisema. Alikuwa akihema. "Mlangoni. Nimepiga kengele, hafungui. Taa ya ndani naiona kwa chini ya mlango. Simu hapokei. Nevena, huku ndani kimya, na kifaa hakinipi kitu, hakuna hatua, hakuna mlango, hakuna chochote."

"Amelisukuma komeo."

"Au ameanguka. Nitajuaje? Niambie, wewe uliyelitengeneza, nitajuaje? Ufunguo sina. Baba naye ilikuwa kimya hivihivi."

Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Nevena alisikia hofu ile ikimwingia na yeye, na kwa kitambo kidogo alitamani masikio yale, alitamani kufungua kompyuta na kujua. Hakukuwa na cha kufungua. Wao wenyewe walikitengeneza hivyo.

"Kikombe cha leo kilitokea?" aliuliza.

"Kilitokea. Saa kumi alfajiri."

"Basi aliamka, akapika kahawa, na baadaye akafunga. Yasen. Leo ni siku gani?"

Nevena alisikia lifti ya ghorofa lile ikipanda, ikapita, ikasimama juu huko.

"Jumanne," Yasen alisema.

Kisha Nevena alimsikia akiketi kwenye ngazi, akijikongoja kama mzee, na kwa mbali, nyuma ya mlango na kuta, maji yakitiririka, au labda alidhani tu.

"Rudi basi," alimwambia. "Vienna watapiga saa kumi na moja."

"Wapigie wewe. Waambie kina komeo, na wakitaka wanunue, wasipotaka waache." Sasa alikuwa ameshusha sauti, asisikike ndani. "Mimi nasubiri hapa. Nywele zikikauka, atafungua."